Hakukuwa na Upepo

Salome mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu hauaminiki, na wewe ndiye shahidi wa kwanza. Nikija kukaa nawe hapo nje nianze kusema, sitafika mbali kabla papa hajatokea, au Mzungu hajazama nikamwokoa kwa meno, na lile lililonileta litapotea. Kalamu ni nzito kwangu. Shule niliiacha darasa la tano, na mwalimu alilia siku ile. Hakulia. Nadhani hata jina langu hakulijua. Unaona, hata hapa. Lakini kalamu ina uzuri mmoja, kwamba hapana mtu mbele yangu wa kumchekesha.

Mambo ya safari Mama Mwinjilisti ameshayamaliza, na mengine ameyarudia: sweta, karatasi za mpakani, limau la kunusa ndani ya basi, msiachane huko Moshi, maana mkutano ni wa Walutheri wa nchi nyingi na umati wake si kama sisi wa hapa Maweni tunaoenea kwenye boti moja na nafasi ikabaki. Sina la kuongeza. Nilitaka kukwambia mlima ule nimeupanda na ndala. Sijauona hata kwa mbali. Mimi mwisho wangu ni Malindi.

Wenzako wa kikundi cha vijana wanakwenda na kurudi. Wewe mkutano ukiisha unateremkia Voi kwa shangazi yako, ukaanze kujifunza ushonaji. Hukuniambia. Niliambiwa na Mama Mwinjilisti akidhani ninajua, nami nikatikisa kichwa kama mzee aliyeipanga mwenyewe. "Ndiyo," nikamwambia, "nilimshauri mimi. Msichana hawezi kuzeeka na vumbi la mawe." Halafu nikaenda nyuma ya tangi la maji nikakaa chini.

Silaumu. Shangazi yako peke yake, upande wa baba yako, ndiye aliyekuwa akiuliza habari zako tangu kaka yake alipoondoka hapa bila kugeuka nyuma. Ana haki. Na wewe una haki. Nakuandikia juu ya jambo lingine, lile uliloniuliza wiki iliyopita nikalikimbia.

Ulikuja nikiwa nanoa shoka langu la kupasulia mawe. Ukasema Mwinjilisti amekuchagua wewe utoe ushuhuda wa kikundi chetu kule mbele ya watu wote, na anataka useme juu ya mama yako, jinsi kanisa lilivyosimama naye na jinsi dhoruba ilivyotuzuia. Ukauliza, "Mjomba, niseme nini?"

Na mimi nikakwambia, "Sema mjomba wako ndiye aliyechonga nusu ya nyumba za Shela, wakupigie makofi." Ukanitazama kidogo. Ukachukua ndoo yako ukaenda.

Sasa nakujibu. Nimechelewa, lakini kuchelewa ndiyo habari yenyewe.

Mnada wetu unaujua. Asiye na noti ya kutia kapuni huleta yai, au nazi, au fungu la dagaa, na baraka ikishatolewa tunatoka nje, nami napanda juu ya lile jiwe la pembeni ya mlango kuvinadi. Kazi ile nilipewa kwa mdomo huu huu. Yai niliweza kuliuza kwa bei ya kuku, kwa kuwaambia kwamba kuku aliyelitaga hafanyi kazi Ijumaa Kuu. Mtu wa Mkokoni aliyekuja kununua mawe ya kujengea, Mwislamu wa watu, alisimama kutazama tu, akaondoka na mayai asiyoyahitaji. Na jogoo, jogoo ndiye alikuwa raha yangu. Mtu anamnunua, analipa, anasema "namrudisha kanisani," na mimi namwinua tena kama hajawahi kuuzwa duniani. Mchana mwingine jogoo mmoja alizunguka usharika mzima akarudi mikononi mwangu amechoka kuliko sisi.

Nataka ujue jinsi ilivyokuwa tamu. Sisemi ili unihurumie. Mimi siku sita napasua mawe ya watu, nimeinama, na mwenye kununua ananihesabia mawe bila kunitazama uso. Nikienda Ras Kitau kubeba mizigo ya wageni wa hoteli ni "wewe, hebu sogea." Siku ya saba napanda juu ya jiwe, na watu wananitazama mdomo wakisubiri. Mtu aliyekunywa kitu kile hujikuta anaweza kumsahau hata dada yake.

Jumapili ile mnada ulikuwa wa mama yako. Tumbo lilimshika Ijumaa, Jumamosi usiku likawa gumu kama ubao, na muuguzi wa hapa akasema avushwe Lamu hospitali, asicheleweshwe. Asubuhi maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, na boti ya Bwana Athumani ilikuwa inaelea hapo hapo mwisho wa njia, mtu hata miguu haimlowi. Mimi ndiye niliyesema tungoje ibada iishe, tufanye mnada mfupi wa gharama za hospitali, kisha tuvuke. Hakuna aliyenipinga. Nilikuwa kaka mtu, na nilikuwa dalali.

Bwana Athumani alikuja mapema. Alisimama kando ya watu wetu, kwa adabu yake ile. "Bwana Danieli, na twende. Mambo ya mafuta tutaoneana hata mwezi ujao."

Nikamwambia, "Ngoja kidogo, Bwana Athumani. Sisi tuna utaratibu wetu."

Utaratibu. Ukweli ni kwamba sikutaka dada yangu avushwe kwa hisani ya mtu nikionekana sina kitu, mbele ya watu ambao nusu saa baadaye wangeniona nina kila kitu.

Basi nikaanza. Mayai yakaenda. Nazi zikaenda. Na zilipokwisha kuuzwa nazi, gharama zilikuwa zimeshapatikana. Hili usimwachie mtu yeyote alifute. Mzee wa hazina aliniashiria kwa kichwa, kwamba imetosha. Nilimwona. Lakini jogoo alikuwa bado, na jogoo alikuwa wa mama yako mwenyewe, yule mwekundu, alimtoa kwa mkono wako asubuhi ile akasema na yeye asikose kutoa. Nikamwinua. Nikasema babu wa jogoo huyu aliwika Garsen, Lamu wakaamka. Wakacheka. Nikasema alipofika Pate sultani alimpa cheo. Wakacheka zaidi. Akanunuliwa, akarudishwa. Akanunuliwa, akarudishwa.

Bwana Athumani akaja tena, safari hii mpaka karibu. "Maji yatoka, Bwana. Ndia ya mai itakauka, boti ikae tope."

Na mimi nikawageukia watu. "Mnamsikia Bwana Athumani? Anamtaka jogoo huyu. Mtamwachia?" Wakaangua kicheko, na mzee wa watu akatabasamu kwa aibu akarudi botini kwake.

Halafu ukaja wewe.

Ulitoka nyumbani unakimbia, ukasimama nyuma ya akina mama, ukainua mkono kuniita. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na gauni lako la Jumapili lilikuwa limelowa kifuani, maana ulikuwa unamkanda mama yako kwa kitambaa cha maji. Nilikuona, Salome. Nimejaribu kujiambia kwamba sikukuona. Nimejaribu kujiambia kwamba nilidhani una masihara ya kitoto. Nilijua hukuwa unanunua. Lakini mkono ulioinuka mnadani ni bei, na utani ule ulikuwa umeshafika kwenye ulimi wangu. Nikasema, "Haya, mtoto naye ameongeza. Mwenye jogoo anamnunua jogoo wake." Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Ukaushusha mkono. Kisha ukauinua tena, na mimi nikapandisha bei tena.

Baadaye uliniambia mama yako alitusikia kutoka kitandani. Alisema, "Mwambie kaka atosheke." Ndiyo maneno uliyotumwa.

Tulipofika na kitanda kule mwisho wa njia, boti ilikuwa imekaa juu ya tope, imeinama upande kama mgonjwa mwingine. Tuling'oa mlango wa kanisa tukamlaza juu yake, tukajaribu kumbeba mpaka kwenye maji ya mkondo. Unakumbuka. Tope lilitushika mapajani, mlango ukawa unainamia huku na huku, naye anauma khanga asipige kelele ili sisi tusione aibu. Tukarudi. Tukakaa kungoja maji yajae. Mimi mpasua mawe, ambaye mashua za mawe yangu hupakiwa na kuondoka kwa kufuata maji, mtu ninayejua maji ya Manda kama mfuko wa suruali yangu, nilikaa nikiyatazama yakienda mbali zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na hadithi.

Hospitali walifanya waliloweza. Alivuka hai. Kulipokucha hakuwa nasi. Na daktari alichosema kuhusu kama tungevuka asubuhi alikwambia wewe, hakuniambia mimi, nami sijawahi kukuuliza. Sikuulizi hata sasa.

Upepo nilianza kuuvumisha kabla hata ya mazishi. Palepale gatini Lamu, mtu mmoja aliyenifahamu aliuliza, "Mbona mmechelewa hivi, jamaa?" Nami nikamjibu, "Kusi, ndugu yangu. Kusi imetushika." Neno moja tu. Lilitoka lenyewe, kama mate. Jiwe letu la hapa unalijua: likitoka shimoni ni laini, unalikata kwa shoka kama muhogo. Liache nje lipigwe jua, halafu rudi na shoka lako uone. Siku ile gatini ningeweza kusema, "Nimesema uongo, hakukuwa na upepo." Siku ya pili ilikuwa ngumu. Wiki ya pili Mwinjilisti mwenyewe aliutaja upepo kwenye mahubiri, na hakuna aliyekohoa. Wote walikuwepo mnadani. Wote waliona mikoko imetulia jani kwa jani. Lakini wao pia walikuwa wamecheka, mwanangu. Upepo ule nimewapa wote pa kujificha, nao wakanishukuru kwa kunyamaza.

Na mimi ningenyamaza nao, lakini unanijua. Upepo ukakua. Ukaleta mvua. Kule Ras Kitau niliwahadithia mabaharia wa hoteli jinsi wimbi lilivyoirusha boti juu ya mikoko, na mimi nimemkumbatia dada yangu. Vijana wakanipa chai. Nikaenda Kipungani kuchukua mikeka ya kanisa, akina mama wa kule wakasimamisha kazi mikononi, wakasema, "Masikini, Bwana Danieli, pole." Nilizichukua pole zote. Zilinipendeza. Niliishi kwa pole zile.

Mpaka siku ile pale kwenye tangi. Bwana Athumani alikuwa amekaa kivulini, na yule mnunuzi wa Mkokoni alikuwa amerudi, akaniuliza juu ya marehemu. Nikaanza. Nilikuwa nimeshafika kwenye wimbi la pili. Wewe ulikuwa unajaza mtungi, umetupa mgongo. Hukugeuka. Ulisema tu, kwa sauti ya mtu anayesema maji yamejaa, "Mjomba, siku ile hakukuwa na upepo."

Ukajitwika mtungi wako ukaondoka. Mnunuzi akatazama viatu vyake. Nikacheka, nikasema, "Watoto husahau." Bwana Athumani akasimama, akajikung'uta kanzu. Yeye mwenye boti. Yeye aliyeusikia upepo wangu siku zote na asinivunjie heshima hata mara moja. Akasema, "Mwana amesema kweli, Bwana Danieli." Akaenda zake msikitini.

Tangu hapo mnada wetu umekufa, kama ulivyoona. Mimi bado napanda juu ya jiwe, na watu bado wananunua, maana kanisa halina paa upande mmoja na bati halishuki kutoka mbinguni. Lakini nikisema kuku huyu ana ukoo na mfalme, hakuna anayecheka. Wanatoa wanachotoa, wanachukua yai, wanakwenda. Nilipoteza watu wa kunisikiliza kwa maneno yako yale machache, na kwa muda mrefu, nakwambia wazi, nilikuchukia kwa hilo. Nilimchukia mtoto wa dada yangu kwa sababu alikumbuka hali ya hewa. Hukupata kusikia neno baya kwangu, lakini uliniona nikila nimekupa ubavu. Nyumba ya watu wawili, na mmoja amekaa ubavu.

Sasa, huo ushuhuda.

Usiseme dhoruba. Mwinjilisti atakunong'oneza njiani kwamba jambo jema lisiharibiwe, kwamba umati mkubwa unataka kutiwa moyo. Ni mtu mwema, na yeye pia alicheka. Mwache aseme. Ukisimama pale, sema mama yangu alikuwa mgonjwa, na boti ilikuwepo, na maji yalikuwepo, na mwenye boti alikuwa tayari hata bila malipo, na mjomba wangu alikuwa anauza jogoo. Taja jina. Danieli, wa Maweni, kisiwa cha Manda. Sema uliinua mkono kuniita, nami nikapandisha bei. Na ukiona huwezi kusimama kabisa, usisimame. Kaa na wenzako uimbe tu. Nisilolitaka ni ubebe upepo wangu uvuke nao mpaka, uende ukauweke mbele ya watu wa Mungu kana kwamba ni wako. Utakuwa umenirithi. Na sina kingine cha kurithiwa, shoka limeliwa mpini na mdomo ndio huo.

Labda unangoja mahali niseme nimetubu na moyo umekuwa mwepesi. Sivyo. Naimba na wenzangu, kinywa kinafunguka, na ndani pakavu kama njia ile ya maji siku ile. Nimepiga magoti. Najikuta namsimulia Mungu, napamba, nikingoja acheke. Sijui wengine hufanyaje. Pengine huko mtakutana na mtu anayejua. Ukimpata usinitumie salamu zake, we mshike wewe.

Wala sikuombi urudi. Nilikuwa nimeandika hapa maneno ya kukurudisha, mazuri, yangekuliza. Nimeichana karatasi ile. Nilisikia sauti ya mnada ndani yake. Nyumba hii ina sauti ya mama yako akisema nitosheke, na wewe umeisikia muda wa kutosha kwa msichana wa umri wako. Kajifunze kushona. Mama yako alikuwa akishona kwa mkono tu, kwa kuazima mwanga wa jirani, na bado mshono wake ulinyooka. Mkono umeutoa kwake.

Kesho ni bamvua. Alfajiri maji yatajaa mpaka kwenye mizizi, mtoto mchanga anaweza kujivusha. Hata hivyo nimeiazima boti ya Bwana Athumani, na alasiri ya leo, maji yakiwa juu, nimeitoa nje kabisa mpaka kwenye mkondo nikaitia nanga huko. Bwana Athumani alinitazama, akasema hapana haja, kesho itaelea hapa hapa. Nikamwambia najua. Akasema, "Unajua, na bado wenda?" Nikamwambia ndiyo. Akanipa blanketi lake.

Kwa hiyo usinitafute nyumbani. Barua hii nimeiacha juu ya begi lako, chini ya sweta. Mimi nitalala botini, na kabla ya adhana ya alfajiri nitakuwa nimeileta mpaka mwisho wa njia, mashine inanguruma. Hatutangoja mtu, hata Mwinjilisti. Mtaketi, nitawavusha mpaka Mokowe kwenye basi, na njia nzima hutanisikia nikisema kitu. Wenzako watadhani naumwa. Waache.

Lakini ukiinua mkono, Salome, popote pale katikati ya maji, hata ikiwa unajifunga kitambaa tu, nitazima mashine nikungoje useme.

Mjomba wako,
Danieli